Ulimbo, Si Wizi

Mwanafunzi wa sekondari anayeandaa mradi wa shule wa kuwatahadharisha wenzake juu ya hatari za mtandaoni hukwama mapema, kwenye kichwa cha bango. Jambo lenyewe analijua: ujumbe unaojifanya umetoka benki au kampuni ya simu, na mpokeaji anatoa namba yake ya siri kwa hiari. Kiingereza huliita phishing. Faharasa zinampa “wizi wa data binafsi”, naye analibandika ukutani akiamini kwamba waliolipitisha walilipima. Hawakulipima. Mwizi huchukua mwenye mali akiwa hana habari, tapeli huyu hukabidhiwa. Anayesoma bango lile atamwaza mvunja kufuli, na kinga atakayoiona ni nywila ndefu, ilhali nywila ya herufi 20 haifai kitu ukiiandika mwenyewe kwenye tovuti ya tapeli. Wala si kila mara data ndiyo inayotakiwa. Ujumbe wa “Ile hela itume kwenye namba hii” hauulizi taarifa yoyote. Unatumwa ovyo kwa watu wengi, nao humnasa yule ambaye kweli alikuwa na mtu wa kumtumia fedha siku hiyo.

Neno tunalo: ulimbo. Ni utomvu wa miti, kama ule wa mfenesi, unaopakwa kwenye vijiti ili kunasia ndege. Mtegaji hamfukuzi ndege yeyote wala hajui atakayemnasa. Hupaka vijiti vingi palepale ndege walipozoea kutua, akakaa pembeni. Ndege hutua mwenyewe kwa kuwa kijiti kinafanana na vingine, na akipapatika hugandwa zaidi. Hakuna hata kipande kimoja cha maelezo hayo kisichouhusu ujumbe wa tapeli. Waliochagua “hadaa” walikaribia, lakini neno hilo la asili ya Kiarabu limebeba udanganyifu wa mapenzi, wa siasa na wa biashara, na istilahi inayotaja yote haimwonyeshi mwanafunzi cha kukwepa. Wapo pia wanaoshikilia “chambo” kwa sababu tu neno la Kiingereza lilianzia kwenye uvuvi, yaani fishing. Uvuvi huo una tahajia iliyopindwa kwa mzaha wa wadukuzi wa simu, na mzaha huo hauvuki kuingia Kiswahili. Sioni kwa nini tuuburute.

Hoja pekee nzito ni kwamba mtoto wa Kariakoo hajawahi kuuona ulimbo. Ni kweli, lakini kishikwambi nacho kilikuwa neno geni kwa wengi, hadi vifaa hivyo vilipotumika katika Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 na kisha kugawiwa walimu. Leo halihitaji maelezo. Neno hukomaa kwa kutumiwa, na neno ulimbo lina nafuu zaidi, kwa kuwa limo katika kamusi na picha yake hueleweka mara likielezwa. Kinachonikera ni kamati za istilahi kuamua kwamba vijana hawataelewa, bila kuwapa neno lenyewe walijaribu.

Matumizi ni mepesi: ujumbe wa ulimbo, tovuti ya ulimbo, mtega ulimbo, kunaswa. Na chini ya bango mwanafunzi aandike kwamba, kwa Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040.