Mahame ya Watu, Malazi ya Ndovu

Visiwani mwaka hugawiwa na pepo mbili, kaskazi na kusi, na kila nahodha wa zamani aliijua siku ya kutweka na siku ya kukipandisha chombo pwani. Bara ya kusini, katika nchi ya Wamwera iliyo baina ya Mto Mbwemkuru na Mto Lukuledi, kaskazi hiyo hiyo ndiyo iletayo mvua. Huanza Novemba au Disemba, ikakatika Aprili au Mei. Kisha kusi huvuma juu ya nchi kavu, majani ya miombo yakapukutika na moto ukapita chini yake. Huko Nachingwea na Ruangwa, msafiri aifuataye kalenda hiyo kwa uaminifu ni ndovu. Wenyeji wa bara humwita tembo. Lakini visiwani tembo ni kinywaji kigemwacho mnazini, na mzee wa Unguja akiambiwa kwamba mtu ameangushwa na tembo njiani, huenda akafahamu jambo jingine kabisa.

Kiangazi ndovu hukusanyika karibu na maji yasiyokauka, na mto ukibaki mchanga mtupu, huchimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yatokeze. Mvua za kwanza zikianguka, makundi hutawanyika, kwa maana vidimbwi vimejaa kila mahali na nyasi ni changa. Mnyama alaye kilo zipatazo 150 kwa siku hawezi kukaa mahali pamoja. Majike na watoto huongozwa na jike mzee, naye ndiye akumbukaye maji yalipo katika mwaka wa ukame.

Mapumziko yake ni mafupi mno kwa mwili mkubwa kama ule. Jua likiwa kali husimama kivulini akipunga masikio. Watafiti waliowafuatilia majike wawili nchini Botswana, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, waligundua kwamba walilala kwa wastani saa mbili tu katika siku, aghalabu wakiwa wamesimama, na kwamba walijilaza chini mara moja katika siku tatu au nne. Walipotishwa na simba au majangili, waliweza kupitisha hata saa 46 bila ya usingizi, wakitembea usiku kucha. Kwa hiyo mahali pa kupumzikia si jambo dogo kwake: ni mahali pasipo hofu. Na katika kusini ya Tanzania, mara nyingi mahali hapo pamekuwa pale ambapo binadamu ameondolewa.

Hapo kale aliyekosa amani alikuwa ndovu mwenyewe. Tangu karne ya 18 Wayao walishusha pembe kutoka pande za Ziwa Nyasa hadi Kilwa, na katika karne ya 19 pembe hizo zilipakiwa Kilwa Kivinje kwenda Unguja, lililokuwa soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki. Misafara ilitembea kiangazi, mito ilipovukika, nao ndio wakati ambao ndovu wamebanwa na kiu penye maji machache. Pembe na watumwa walifuata njia moja. Msomaji apitaye mbele ya jumba la kale la Forodhani haoni alama yoyote ya Mbwemkuru, lakini sehemu ya utajiri ule ilitoka huko.

Kisha ikaja vita ya Majimaji. Ilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Agosti boma la Liwale lilianguka, na misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ikaangamizwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala ya nafaka, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao ilikadiria vifo 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa aliihesabu idadi hiyo kuwa baina ya 250,000 na 300,000. Vijiji vilivyokosa watu viliota pori, pori likaleta mbung'o, na nyuma yake akaja ndovu.

Mwaka 1922 Waingereza waliziunganisha hifadhi walizoziacha Wajerumani, wakaziita Selous, kwa jina la mwindaji aliyeuawa vitani huko Beho Beho mnamo Januari 1917. Hifadhi ilizidi kutambaa kuelekea kusini. Katika miaka ya 1940 Wangindo wengi wa magharibi ya Liwale walihamishwa, sababu iliyotajwa ikiwa maradhi ya malale, na nchi yao ikatiwa hifadhini. C. J. P. Ionides, bwana nyama aliyekuwa na makao yake Liwale, alikuwa mtumishi hodari wa siasa hiyo: ndovu wakae upande mmoja, watu upande mwingine, na ndovu atakayekutwa shambani apigwe risasi. Ndovu hakusoma ramani. Wangindo waliisoma, maana walilazimishwa.

Upande wa Nachingwea mambo yalikwenda kinyume. Huko pori ndilo lililoondolewa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta ya kung'oa miti, ukajenga reli na bandari ya Mtwara, na ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kula pauni milioni 36 hivi. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO walipata mafunzo yao Nachingwea, Samora Machel akiwa miongoni mwa viongozi wao, na sehemu za mashamba yaliyokusudiwa karanga zikarudi kuwa kichaka.

Halafu vikaja vijiji vya ujamaa. Baina ya 1973 na 1976 watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walikusanywa kandokando ya barabara. Nyumba za miti na udongo zilianguka, lakini miembe na mikorosho haikuhama. Hayo ndiyo mahame, na kwa ndovu hame ni pahala pazuri kupita kiasi: kivuli cha mwembe aliouotesha babu wa mtu, maembe yaliyoanguka, mabibo yanukayo kuanzia Oktoba, na hakuna mbwa abwekaye.

Kivuli hicho nacho hakikumlinda daima. Selous ilihesabiwa ndovu karibu 110,000 mwaka 1976. Hesabu ya mwaka 2013 ilipata 13,000 hivi, baada ya mawimbi mawili ya ujangili. Waliosalia bado wanazikumbuka njia. Ushoroba wa kutoka Selous hadi Niassa ya Msumbiji una mkono wa magharibi upitao Namtumbo na Tunduru, na mwingine wa mashariki upitao Liwale, Nachingwea na Masasi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini ushoroba uko nje ya uzio wowote, na ndani yake wamo wakulima. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliokwisha kuhamishwa mara moja au mbili, na sasa wanarudi kulima mahameni kwa sababu ardhi ya kandokando ya barabara imechoka.

Mahindi hukomaa kuanzia Machi, wakati ule ule ambao makundi yametawanyika. Ndovu hukaa kichakani mchana kutwa, akaingia shambani usiku, na familia inaweza kupoteza chakula cha mwaka kabla ya jogoo wa kwanza. Wapo waliopoteza zaidi ya chakula. Basi mwenye shamba hujenga dungu, akapanda juu na debe la kupiga na moto wa pilipili na mavi ya ndovu makavu, ambao moshi wake mnyama huyo hauvumilii. Hukaa hivyo usiku hata usiku mpaka mavuno yaingie, akisinzia kidogo karibu na alfajiri, huku upande wa pili wa bonde, chini ya miembe, jike mzee amesimama macho wazi.