Kutoka Sanduku la Posta hadi Simu ya Kiganjani: Mkufunzi wa Masafa na Wanafunzi Wake wa Jinja na Mbale

Tangu Machi 2020, vyuo vikuu vya Uganda vilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19 na wahadhiri wengi wakahamia mtandaoni, imezoeleka kusikika katika vikao vya walimu wa Kiswahili kwamba kumfundisha mwanafunzi asiyeonekana ni jambo geni kwetu. Historia ya elimu masafa nchini haiungi mkono dai hilo. Huku mashariki, hususan Jinja na Mbale, mwanafunzi asiyeonekana amekuwapo kwa miaka mingi. Vyombo ndivyo vilivyobadilika. Makala hii fupi inafuatilia vyombo hivyo na kuuliza swali moja: ni nani aliyekuwa akimjibu mwanafunzi huyo, na baada ya muda gani? Naamini hapo ndipo penye sababu ya wengine kumaliza masomo na wengine kupotea.

Elimu kwa njia ya posta ilitegemea stempu kama elimu ya leo inavyotegemea bando. Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa posta huko Uingereza mwaka 1840, mwaka uleule ambao gharama ya barua ilishushwa hadi peni moja. Kwetu jambo hili lilikuja baadaye sana. Makerere ilianzisha idara ya masomo ya nje mwaka 1953, na mwaka 1967 Kituo cha Elimu Endelevu cha chuo hicho kikaanzisha masomo ya posta. Mwanafunzi alipokea kijitabu, akafanya zoezi, akalituma. Mkufunzi akasahihisha, akaandika maoni pembeni, akalirudisha. Maoni hayo ya pembeni ndiyo yaliyokuwa darasa zima. Mkufunzi aliyeandika "rekebisha" bila kusema kipi kirekebishwe alikuwa sawa na mwalimu aliyeingia darasani, akautazama ubao, kisha akatoka.

Aidha, barua Uganda haziletwi nyumbani. Huwekwa katika sanduku la posta, na mwalimu wa shule ya msingi kule Kamuli au milimani Bududa aghalabu alitumia sanduku la shule. Bahasha yake ilipita mezani kwa mwalimu mkuu. Suala la siri ya mwanafunzi, ambalo leo tunalijadili kuhusu makundi ya WhatsApp, lilikuwapo tangu enzi za bahasha.

Miaka ya 1970 iliharibu mengi. Waasia walifukuzwa mwaka 1972 na biashara za Jinja zikadorora. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la pamoja la posta na simu likavunjika nalo. Ajabu ni kwamba utawala uleule wa Idi Amin ndio uliotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tangazo lilitoka, lakini mwalimu wa kijijini aliyetaka kujifunza lugha hiyo hakuwa na njia ya uhakika ya kupata hata kitabu.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1991, Makerere ilipoanzisha shahada za nje katika ualimu na biashara. Mwanafunzi alibaki kazini kwake, akasoma moduli zilizochapwa, akahudhuria vipindi vifupi vya ana kwa ana, na kati ya vipindi hivyo akakutana na wenzake katika vikundi vya kujisomea. Vituo vya mikoani, vikiwamo vya Jinja na Mbale, vilikuwa na mtu aliyeitwa mkufunzi mkazi. Napenda kukaa kidogo kwa huyu, maana vitabu vya elimu masafa humpita haraka. Kutoka Mbale hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Mwanafunzi wa Kapchorwa aliyekosa moduli au ambaye jina lake halikuonekana katika orodha ya mtihani angeweza kutumia nauli ya siku mbili kufuata jibu la dakika tano. Mkufunzi mkazi aliyapokea maswali hayo hapohapo. Alijua nani amehamishwa shule, nani amejifungua, na nani hajalipa ada. Kwa maoni yangu, hakuna programu ya kompyuta iliyoziba pengo lake, na idara inayofungua kozi ya mtandaoni bila mtu wa namna hiyo imeipa mashine kazi ya jirani.

Simu za mkononi zilipoenea baada ya kampuni ya MTN kuingia nchini mwaka 1998, mambo yalibadilika upesi. Katikati ya miaka ya 2000 Idara ya Elimu Masafa ya Makerere ilikuwa ikituma ujumbe mfupi kwa wanafunzi wa nje kuwakumbusha tarehe za vipindi na siku za mwisho za kuwasilisha kazi. Nyakati hizo walimu wa Kiswahili tulikuwa tukibishana kama chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, ilhali wanafunzi walikwisha amua. Ujumbe wa jumla ulikuwa msaada mkubwa, ila kwa kawaida ulikwenda upande mmoja. Mwanafunzi aliambiwa kipindi kimeahirishwa. Hakuwa na pa kusema kwamba tayari yuko njiani, ndani ya taksi, anavuka daraja la Jinja.

Kwa somo letu, badiliko lililokuwa na uzito zaidi lilikuwa sauti. Karatasi haikuweza kufundisha matamshi. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Busoga. Anaandika "Kodheyo" anaposalimu kwa lugha yake, hivyo anapoona "dhambi" au "dhahabu" huona herufi anazozifahamu. Lakini dh ya Lusoga si ile ya Kiswahili sanifu, na kosa hilo halionekani katika insha yake hata akipata alama zote. Mwaka 2013 WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti, mkufunzi aliyeko Jinja aliweza kumsikia mwanafunzi aliyeko Manafwa akisoma aya moja, akamrudishia aya hiyohiyo kwa matamshi sahihi. Sekunde 40 zilitosha.

Chombo hicho kilikuja na fujo zake. Kundi la wanafunzi 60 likipokea tangazo, hufuata "asante mwalimu" nyingi kiasi kwamba swali la maana linazama. Lipo pia suala la salamu. Kwa adabu ya huku, iwe "Kodheyo" ya Busoga au "Mulembe" ya Bugisu, mtu hasalimu huku akisukuma haja yake. Husubiri kuitikiwa kwanza. Mwanafunzi anaandika "Shikamoo mwalimu" (hata kwa mhadhiri aliyemzidi mwaka mmoja tu) kisha ananyamaza. Mkufunzi mwenye salamu 30 haitikii kila moja, na mwanafunzi anaona amepuuzwa. Huenda chini ya shikamoo ile kulikuwa na habari ya kuacha masomo. Wakufunzi wanaofanikiwa husema tangu siku ya kwanza kwamba salamu na swali vije pamoja, hutaja saa ambazo watajibu, mathalani kati ya saa moja na saa tatu usiku, nao huzishika saa hizo. Mambo ya alama na ada hayajibiwi kundini kamwe.

Gharama nazo hazikukoma. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando. Katikati ya hayo, Januari 2021, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilikuwa limetoa mwongozo wa dharura wa kufundisha kwa masafa mwaka 2020, lakini mwongozo hauchaji simu. Bwawa la Owen Falls limekuwa likizalisha umeme hapo Jinja tangu 1954, na bado wako wanafunzi wa Busoga wanaolipia dukani kuchaji simu zao.

Wanaopotea safari hii si watu wa kawaida kwa somo letu. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sera ya walimu ya mwaka 2019 nayo inawataka walimu wawe na shahada. Anayeacha kozi yetu kule Sironko mara nyingi ndiye mwalimu pekee wa Kiswahili shuleni kwake.

Mjini Mbale vikundi vya kujisomea vya mtindo wa 1991 havijafa. Jumamosi walimu wanane au tisa hukaa chini ya mwembe na simu moja yenye bando, sauti imewekwa juu, mmoja akinakili daftarini kwa niaba ya wasio na simu ya kisasa. Swali likiwashinda, hulitunga kwa pamoja, wakalisoma mara mbili kulisahihisha ngeli zake, ndipo wakalituma.