Diwali na Daftari la Mfanyabiashara katika Pwani ya Waswahili

Diwali hujulikana kwa wengi kuwa ni sikukuu ya taa, na asili ya jina hilo katika Kisanskriti yashuhudia hivyo: maana yake ni safu ya taa. Lakini kwa Wagujarati na Wakachi, ambao ndio Wahindu waliokuwa wengi katika miji ya pwani, ni pia wakati wa kufunga hesabu. Mwaka wao, uhesabiwao kwa kalenda ya Vikram, huishia usiku usio na mbalamwezi mwishoni mwa mwezi wa Aso, yaani Oktoba au Novemba. Mwaka mpya huingia mara baada ya hapo.

Siku mbili kabla ya usiku huo huadhimishwa Dhanteras, siku ya mali, ambapo watu hununua dhahabu, fedha, au angalau chombo cha shaba. Ifikapo Diwali yenyewe nyumba huwa imekwisha kusafishwa, na vitaa vya udongo huwashwa ili Lakshmi, mungu wa kike wa neema, aione njia. Kisha hufuata ibada ya Chopda Pujan. Madaftari mapya, yaliyojalidiwa kwa kitambaa chekundu, huwekwa mbele ya picha za Lakshmi na Ganesh. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa *shubh* na *labh*, yaani heri na faida, kabla haijaingizwa hata senti moja. Anayestaajabu kwamba daftari la madeni huombewa dua na akumbuke kuwa kukopesha nako ni kuamini.

Huko Zanzibar desturi hii ilioana na majira ya pepo. Vyombo vya Kachi vilikuja na kaskazi, vikarejea na kusi. Diwali iliangukia katikati, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijatulia. Huo ndio wakati uliofaa kujua nani anamdai nani.

Na madai yalikuwa mengi. Tangu miaka ya 1830 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kachi, na wakala wake Ladha Damji akawa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa kisiwani. Nguo na shanga zilitolewa kwa mkopo mjini, zikavushwa hadi Pangani na Saadani, zikapandishwa Uzigua, katika nchi ambayo leo zimo Handeni na Kwedizinga. Pembe za ndovu zikashuka. Kila hatua ya safari hiyo ilikuwa mstari katika daftari la mtu fulani.

Neema hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Misafara ilichukua watumwa pia, na mashamba ya karafuu yaliyowekwa rehani yalilimwa na watumwa. Mwaka 1860 balozi Rigby aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Waingereza kuwaacha huru watumwa wao. Utumwa ulipokoma, rehani zilibaki. Mwaka 1934 serikali ya ukoloni iliweka sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiingie mikononi mwa wadai, na mwaka 1937 ukazuka mgogoro wa biashara ya karafuu. Taa zilezile zilizomkaribisha Lakshmi dukani zilimkumbusha mwenye shamba deni lake. Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" yabeba kinyongo na shukrani kwa pamoja, na si haki kuisoma kama tusi tu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wahindi wengi waliondoka Zanzibar, na madaftari mekundu yakapungua. Maneno hayakuondoka. Pesa, hundi na laki yote yametoka Bara Hindi. Salamu ya mwaka mpya ya Wagujarati, *Sal Mubarak*, yaunganisha neno la Kiajemi na la Kiarabu, na Mswahili ailewa nusu yake bila mkalimani, maana baraka ni yake pia. Laki nayo yatokana na neno la Kisanskriti *laksha*, alama, lililokuja kumaanisha mia elfu. Na mzizi huohuo ndio uliozaa jina la Lakshmi.