Ujifunzaji wa kategoria, na uzee unapougusa

Anayechambua choroko na kunde sinia moja anaainisha: makundi anayajua, kazi yake ni kutenga tu. Ujifunzaji wa kategoria huja kabla ya hapo. Kundi lenyewe hulijui, hakuna aliyekuonyesha mpaka wake, nawe unautafuta kwa kukosea na kusahihishwa. Kwa sababu hiyo "uainishaji", japo latamkika vizuri zaidi, halifai kubeba dhana hii. "Kategoria" ni la kukopa, ila wanaisimu wetu wamelizoea siku nyingi.

Tofauti hiyo ina uzito tunapouliza uzee unapunguza nini. Chukua jaribio la karata la Wisconsin, lililochapishwa mwaka 1948. Karata zina nyota, misalaba, pembetatu na duara, kwa rangi na idadi mbalimbali. Mtahiniwa hupanga, huambiwa "sawa" au "sivyo", basi. Akishapatia mara 10 mfululizo kwa kufuata rangi, kanuni hubadilishwa kimyakimya, sasa ni umbo. Wazee wengi huendelea kung'ang'ania rangi kwa muda mrefu kuliko vijana. Si kwamba hawaoni umbo. Kuiacha kanuni iliyokwisha kufaulu kunategemea sehemu ya mbele ya ubongo na kumbukumbu ya muda mfupi, na vyote viwili hudhoofu na umri.

Lakini si kila kategoria hujengwa kwa kanuni. Mwaka 1993 watafiti Knowlton na Squire waliwapa watu wenye maradhi ya kusahau michoro ya nukta iliyozunguka kielelezo kimoja kilichofichwa. Waliweza kutambua michoro mipya ya kundi hilo, ingawa kukumbuka ile waliyoonyeshwa kuliwashinda. Ipo, basi, njia nyingine ya kujifunza, na tafiti kadhaa zimekuta kwamba katika njia hiyo wazee hawaachwi mbali na vijana.

Mgeni wa miaka 65 anayejifunza ngeli zetu hukutana na njia zote mbili. Kiti kimevunjika, kisu kimepotea: mazoea yanamtosha. Halafu kiboko amezama mtoni. Akishakubali kwamba uhai unashinda umbo, anasikia kiboko cha mwalimu kimekatika. Hapo lazima ashike umbo, uhai na maana kwa pamoja, na haraka ndiyo humwangusha. Mimi ningempa sentensi nyingi za viboko wa kila namna na vya kila namna, kabla ya kumpa jedwali la ngeli, na saa ningeiweka mbali.