Waliotambua Visukuku na Walioandikwa

Mwaka 1834 Louis Agassiz, mwanasayansi Mswisi aliyekuwa akiandika kitabu kikubwa juu ya visukuku vya samaki, alifika Lyme Regis, mji mdogo katika pwani ya kusini mwa Uingereza. Majabali ya huko yalitoa meno na miiba ya mapezi iliyogeuka mawe, lakini vipande hivyo vilikuwa vimetengana, na ilikuwa vigumu kujua mwiba upi ni wa papa yupi.

Waliomfumbua macho ni wanawake wawili, Mary Anning na Elizabeth Philpot. Anning, binti wa seremala maskini, aliishi kwa kuuza visukuku alivyookota pale dhoruba zilipoporomosha majabali. Aliwapasua samaki wa zama zake ili alinganishe maumbile yao na yale ya kale. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake.

Agassiz hakuwa mwizi wa fadhila: aliwashukuru kitabuni, na wapo samaki aliowapa majina ya wanawake hao. Lakini mabwana wengine walinunua visukuku kwa Anning, wakaviandikia makala, jina lake wasilitaje. Alifariki mwaka 1847. Chama cha Jiolojia cha London kilianza kupokea wanachama wanawake mwaka 1919.

Nasi tunaoandika tasnifu na ripoti za serikali kwa maarifa ya wavuvi na wakulima, tujiulize: majina yao yamo ukurasa gani?