ALL isiyo yote

Katika kanzidata ya Oracle, mfumo hujieleza kupitia mionekano, yaani maswali yaliyohifadhiwa na kusomwa kama majedwali. Mwanzo wa jina ndio unaotaja mipaka. USER_TABLES huorodhesha majedwali yako mwenyewe. DBA_TABLES huorodhesha ya kanzidata nzima. Katikati kuna ALL_TABLES, na hapo ndipo wengi hujikwaa: neno hilo la Kiingereza ni “yote”, lakini yanayoonekana ni yale tu uliyoruhusiwa kuyafikia. Ni jina baya, nalisema bila kusita, kwa sababu mgeni wa kazi akilikosa jedwali humo huamini kwamba halipo kabisa.

V$SESSION, inayoonyesha vipindi vya watumiaji waliounganishwa, nayo ina mtego wake. Hilo ni jina la kupanga; mwonekano wenyewe ni V_$SESSION, na mmiliki wake ni SYS, akaunti ya mfumo. Ukijaribu kumpa mtu ruhusa ya kusoma V$SESSION, utarudishiwa kosa ORA-02030, mpaka ukiandike kile kistari cha chini. PostgreSQL, kanzidata nyingine, ina nidhamu zaidi ya majina: majina ya katalogi yake huanza na pg_, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuunda skima yenye mwanzo huo.