Mzigo Usio na Mchukuzi: Ujerumani Mwaka 1923

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwasimulia khabari za nchi ambayo watu wake walibishana juu ya nani alipe deni, hata fedha yao ikageuka karatasi tupu.

Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilipata marki 4 na kidogo. Vita Kuu vilipoanza, Serikali ya Ujerumani ilikopa kwa raia wake kuliko kuwatoza kodi ya kutosha, ikitumaini kwamba adui akishindwa ndiye atakayelipa. Lakini mwaka 1918 ilishindwa yenyewe, kisha ikatakiwa kulipa fidia.

Basi mzigo huo auchukue nani? Matajiri walichukia kodi. Wafanya kazi walidai mishahara ilingane na bei za vyakula. Matthias Erzberger, Waziri wa Fedha tangu 1919 hata 1920, aliwatoza wenye mali kodi kubwa. Alichukiwa kwa hayo, na zaidi kwa kutia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Agosti 1921 akauawa. Serikali iliogopa kumnyima yeyote, ikachapa noti. Bei ikapanda, mshahara ukadaiwa zaidi. Mshahara ukapanda, bei ikaukimbia tena.

Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia Ruhr, penye makaa ya mawe, kwa sababu fidia haikutimizwa. Watu wa huko waligoma, na Serikali ikawalisha kwa noti mpya. Ilipofika Novemba, dola moja ilikuwa marki 4,200,000,000,000. Aliyepokea mshahara alikimbilia dukani kabla bei haijageuka.

Mwenye deni alifurahi, maana alilipa kwa karatasi. Bali mjane na mzee waliojiwekea akiba miaka mingi walikuta hainunui hata mkate. Tarehe 15 Novemba 1923 ilitolewa fedha mpya, Rentenmark, moja kwa marki 1,000,000,000,000 za zamani, na bei zikatulia. Lakini akiba haikurudi, wala imani ya wengi kwa Serikali yao. Mwezi ule ule Hitler alijaribu kuitwaa Serikali kwa nguvu mjini Munich, akashindwa. Mwaka 1933, baada ya shida nyingine ya kukosa kazi, alipewa utawala.

Twajifunza nini? Wapagazi wakibishana njiani, mzigo haupungui. Humwangukia aliye mnyonge. Ni heri watu waketi, wagawane uzito wake kwa haki, mchana kweupe.